Nilimwambia "kaa chini", ofisi nzima ikaninyamazia

SWALI: Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, nina miaka 32. Tangu Februari kampuni yetu ya usafirishaji na uondoshaji wa mizigo forodhani imenileta Kampala, tawi la Nakawa, nisimamie watu saba. Tunaelewana kwa Kiswahili, maana Luganda sijui. Wiki mbili zilizopita mama wa masijala alikuja mezani kwangu nikiwa kwenye simu na dereva aliyekwama Malaba. Nikamwambia, "Kaa chini, ngoja." Akaacha faili, akaondoka, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Juzi afisa rasilimali watu amenipa barua inayosema natumia "lugha ya kuamrisha", nijibu kabla ya Ijumaa. Tena kuna binti wa mafunzo ambaye hupiga magoti akiniletea hati. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Simama, hapa si kanisani." Wakacheka, yeye akatoka analia. Makosa ya hati huwa nayaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili kila mtu ajifunze, na hilo nalo linalalamikiwa. Nikiuliza jambo, wengine hawanijibu kabisa. Kosa langu ni nini? Kwetu ndivyo tunavyoongea, na sijamtukana mtu.

JIBU: Mdogo wangu, hujamtukana mtu, hilo tulimalize mapema. Lakini barua uliyopewa siioni kuwa ya kukuonea. Kiti hicho cha rasilimali watu nimekikalia miaka ishirini na moja, Jinja na Kampala, na ningekuandikia hiyohiyo, labda fupi kidogo.

Tuanze na "kaa chini". Nakuru, ukimwambia mtu akae chini umemkaribisha. Kampala, kwa mtu wa umri wa mama yule, maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe alivaa magwanda. Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia nyingi: misafara ya biashara kutoka pwani, reli, viwanda. Mimi nimezaliwa Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi, baba akiwa kiwanda cha nguo, na watoto wa makabila kumi tulichezea Kiswahili hichohicho. Ila njia iliyobaki vichwani mwa watu wa Buganda ni ile ya kambini. King's African Rifles, jeshi la mkoloni, liliamrishwa kwa Kiswahili, na jeshi la baada ya uhuru likakirithi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, huku askari wake wakikitumia kwenye vizuizi vya barabarani. Akaondoka Amin mwaka 1979. Miaka michache baadaye, chini ya serikali ya pili ya Obote, ukaja msako ambao watu waliupa jina la maneno mawili tu ya Kiswahili: panda gari. Askari wanazingira mtaa, watu wanatolewa nje, wanawekwa chini, kisha wanaamriwa kupanda lori. Wapo ambao hawakurudi. Mpaka leo ukitamka "panda gari" mbele ya mzee wa Luweero, hafikirii safari.

Sasa piga hesabu. Kama mama wa masijala anakaribia kustaafu, miaka hiyo alikuwa msichana wa shule. Huna haja ya kumuuliza alikuwa wapi na aliona nini, na nakusihi usimuulize. Inatosha ujue kwamba mwanamume mwenye sauti ya simu ya Malaba, akisema "kaa chini, ngoja" bila kumtazama usoni, kwake si karibu.

Ni kweli mambo yanabadilika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Vijana wako wa ofisini hawana kinyongo nacho, wanakionea aibu tu: wanakielewa, hawathubutu kukisema. Ndiyo maana wakati mwingine unauliza kwa Kiswahili unajibiwa kwa Kiingereza, au kwa tabasamu.

Mimi mwenyewe, mzaliwa wa hapa, lilinipata. Nilikuwa karani kijana kwenye kampuni moja ya Jinja, nina haraka ya mishahara ya mwezi, nikamwita mzee wa stoo kutoka upande wa pili wa ua: "We mzee, njoo hapa!" Akaja. Alipofika hatua tatu kutoka kwangu akakaza mgongo, akagonga visigino vya kandambili zake, akapiga saluti. "Ndiyo, afande!" Ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipomaliza kucheka yeye alikuwa bado amesimama vilevile, mkono uko kwenye paji la uso, hacheki. Nilikaa naye kazini miaka sita baada ya hapo na hakuwahi kuniita jina langu. Afande tu.

Tatizo lako basi liko kwenye kitenzi. Umezoea amri tupu: leta, ngoja, njoo, toa, peleka. Kenya bara hilo halimuumizi mtu. Ukivuka Mutukula ukaingia Tanzania utaona wenzetu wanavyokwepa: naomba uniletee, hebu nisaidie, ukipata nafasi upitie hapa. Kiswahili hichohicho, sura nyingine. Wewe huhitaji kujifunza lugha mpya, hamia tu kwenye "naomba u-". "Naomba ukae kidogo mama, namaliza na dereva." Ni maneno saba, simu haitakatika.

Ukitaka kujua Mganda anavyolilainisha ombi lake, sikiliza kale kasilabi ka mwisho, "-ko". Hasemi nipe maji, anasema mpaako amazzi, kama vile anaomba sehemu tu ya maji, hata kama atakunywa jagi zima. Ukiusikia huo "-ko" ukiruka ofisini siku nzima utaelewa kwa nini "leta hiyo faili" inawakwaruza.

Nao wana yao yatakayokukwaruza wewe. Karani atakwambia "sooka olinde", au kwa Kiingereza chao "first wait", maana yake "kwanza subiri". Mkenya akisikia hivyo kutoka kwa mtu aliye chini yake anahisi amefukuzwa. Hajafukuzwa, hiyo ndiyo adabu yao ya kukuomba subira. Mwingine atanyanyuka katikati ya mazungumzo akisema "nkomawo", anarudi, na kweli atarudi, ila usipange mkutano juu ya hilo. Na ukiambiwa "tutaona" kwa sauti ya chini, ujue umeshakataliwa, kwa heshima.

Halafu hili la kutokujibiwa. Nataka ufanye jaribio kesho. Muulize mmoja wao jambo dogo la ndiyo au hapana: ankara ya kontena lile imeshafika? Usitazame simu, usitazame kompyuta, mtazame usoni. Utaona nyusi zinapanda juu mara moja, haraka, na kushuka. Hiyo ni ndiyo. Uganda nzima tunajibu hivyo, hata kwa mkubwa, na hatujui kama tunafanya. Nina hakika nusu ya watu unaosema wamekunyamazia wamekujibu wakakuchoka, maana ulikuwa umeinamia karatasi.

Salamu nayo. Hukuitaja kwenye swali lako, na kutokuitaja kwako ndiko kulikonishtua. Ukiingia asubuhi unafanyaje? Kama unapita moja kwa moja mpaka mezani na neno la kwanza la siku ni "ile entry ya jana imefika wapi", basi kabla ya saa tatu umeshakosa adabu mara saba, mara moja kwa kila mtu. Hapa anayeingia ndiye anayesalimu aliowakuta, hata awe bosi. Wasuze otya, nnyabo? Wasuze otya, ssebo? Umelalaje, mama, umelalaje, bwana. Unangoja jibu. Nao watakuuliza wewe, unajibu. Mchana ni osiibye otya. Na ukimkuta mtu ameinama kwenye kazi yake unamwambia gyebale ko, yaani ahsante kwa kazi, hata kama kazi hiyo haikuhusu na hakuifanya kwa ajili yako. Ukimwambia hivyo mlinzi wa getini, mfagizi na mpakuzi wa mizigo kwa wiki moja, ya pili hutaitambua ofisi yako.

Usiunganishe salamu na kazi kwa pumzi moja. "Wasuze otya nnyabo, faili iko wapi" ni mbaya kuliko kutosalimu, kwa sababu umeonyesha kwamba salamu ilikuwa ufunguo wa kufungulia faili. Salimu, pita, weka mkoba, kisha rudi na la faili. Kwa watu saba utatumia dakika nne. Dereva wa Malaba atazisamehe, amezoea foleni.

Sasa binti wa mafunzo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ulidhani umemtetea.

Kwa Waganda, na kwetu Busoga pia, msichana hulelewa kupiga magoti akimsalimu au akimpa kitu mtu mkubwa kwake. Mimi nimepiga magoti maisha yangu yote, kwa baba, kwa shangazi, kwa wakwe, na wakati mwingine kwa mzee niliyekutana naye njiani. Wapo wanawake wa kizazi cha binti zangu wanaokataa kabisa, na wapo wanaopiga nyumbani lakini si ofisini. Wana haki yao na mimi sibishani nao. Wapo pia, kama huyo binti, ambao magoti yanakwenda yenyewe, kama vile wewe unavyonyoosha mkono kusalimia. Hajafikiri kwamba wewe ni mfalme. Ameona mtu mkubwa, akafanya alichofundishwa na mama yake.

Ukamwambia "hapa si kanisani". Kwa neno hilo ulimwambia mbele ya watu sita kwamba mama yake alimlea vibaya. Na wale waliocheka, sidhani kama walimcheka yeye. Walikuwa hawajui macho wayapeleke wapi.

Utafanya nini akirudia? Pokea hati kwa mkono wa kulia, sema "ahsante, gyebale ko nnyabo", basi. Ukiona inakukera sana, nyanyuka ukutane naye kabla hajafika mezani, mtu hapigi magoti kirahisi mbele ya mtu anayetembea. Baada ya siku kadhaa, wakiwa wamebaki wachache, mwambie taratibu kwamba kwako si lazima, achague mwenyewe. Mlango uwe wazi mnapozungumza, na mama wa masijala akiwepo karibu ni bora zaidi. Nasema hivyo kwa sababu upande wa pili wa jambo hili ni mbaya mno: nimewaona mameneja waliozoea kupigiwa magoti mpaka wakaanza kuyadai, na kutoka hapo wakadai mengine. Kanuni za mwaka 2012 za unyanyasaji wa kingono kazini zipo kwa ajili ya watu hao, na sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke utaratibu wa kuzuia mambo hayo. Uliza ya kwenu iko wapi, uisome. Na usidhani kila mwanamke ofisini atapiga magoti. Asiyepiga hajakudharau.

Kundi la WhatsApp: acha leo. Sina mengi hapo. Hati ikikosewa, mwite aliyeikosea au nenda kwake, mwonyeshe mstari wenye kosa, mrekebishe pamoja. Kama ni kosa ambalo wote wanalifanya, liandike kundini bila jina na bila picha ya hati, maana kila mtu anajua mwandiko wa mwenzake. Na kama makosa yanazidi mpaka unafikiria kumwachisha mtu kazi, hilo halimo kwenye mamlaka ya simu yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa utovu au kwa kazi duni, na awe na mtu wa kuandamana naye kwenye kikao akitaka. Nimewahi kuketi upande wa mwajiri kwenye kesi ambayo ushahidi wa mlalamikaji ulikuwa kurasa nane za kundi la WhatsApp, meneja akimwita mvivu mbele ya watu arobaini. Tulilipa.

Jambo dogo la pembeni. Chai ya saa nne usiinywe peke yako mezani ukitazama kompyuta. Nenda lilipo birika, hata kama ni kwa dakika tano, na siku moja nunua chapati au mandazi ya kuisindikizia. Na mwenzenu akifiwa, kwa Waganda kuna mchango wa rambirambi unaoitwa mabugo. Jina linatokana na vitambaa vya magome ya mti ambavyo marehemu alivishwa. Toa chako kwa mkono wako, na kama inawezekana fika mazishini. Watu wa hapa husahau nani alikosea kwenye hati, hawasahau nani alikuja kijijini kwenye matope.

Turudi kwa mama wa masijala, maana huko ndiko Ijumaa yako iliko. Nenda kwake kabla ya kupeleka barua, asubuhi, watu hawajajaa. Usimwite aje kwako. Msalimu, ngoja salamu iishe yote. Usisimame juu yake. Kama kuna kiti, omba ukae, kama hakuna, chuchumaa kidogo pembeni ya meza, usawa wako uwe chini ya wake. Kisha mwambie: "Mama, siku ile nilikujibu vibaya nikiwa kwenye simu. Nsonyiwa, nnyabo." Neno hilo moja la Luganda, nisamehe, lifanyie mazoezi nyumbani. Usimweleze kwamba Nakuru mnaongea hivyo. Usimtaje Amin wala mtu yeyote niliyemtaja mimi hapa. Usitoe bahasha. Mwezi ujao ukitoka kwenu ukamletea pakiti ya majani ya chai, hiyo itakuwa zawadi. Ukimpa siku hiyohiyo ya msamaha itakuwa malipo, na atakurudishia.

Anaweza akakwambia "kale" tu, akaendelea kupanga faili. Kale ni sawa. Usibaki hapo ukingoja akutabasamie. Kesho yake msalimu tena kama kawaida.

Binti wa mafunzo naye muombe radhi, na kwa kuwa ulimwaibisha mbele ya watu, yeye muombe mbele ya watu: sentensi moja, kwenye chai, bila hotuba.

Barua ijibu kwa mistari minne au mitano. Kiri maneno uliyoyasema kama ulivyoyasema, taja kwamba umeshamwomba radhi mama wa masijala na binti, sema utakachobadilisha: namna ya kuomba kazi, salamu, na kundi la WhatsApp. Ule utetezi wa "kwetu ndivyo tunavyoongea" uondoe kabisa. Chapisha nakala mbili, weka sahihi, peleka mwenyewe kwa mkono Alhamisi, usiiache kwa mtumishi wa mapokezi. Ukimkuta afisa yuko na mgeni, subiri nje mpaka atoke. Na ukiambiwa "kaa chini", kaa.